Ramani ya simu isiyohitaji mtandao, na mtafiti aliye mlangoni pako

HUENDA umewahi kupigiwa hodi Jumamosi adhuhuri, ukafungua mlango na kumpata kijana aliyevaa kitambulisho shingoni na kushika simu mkononi. Alikusalimu kwa heshima, akakueleza kwamba anafanya uchunguzi kuhusu afya ya wakazi wa mtaa, kisha kabla ya kukuuliza swali la kwanza akarudi nyuma hatua mbili, akatoka chini ya paa, akainua simu na kungoja. Ukaanza kushuku. Je, anapiga picha nyumba yangu? Anawasiliana na nani? Na inakuwaje simu yangu haina mtandao hapa uani ilhali yake inafanya kazi?

Maswali hayo ni ya haki, msomaji, na wiki hii tutayajibu. Watu wanaotembea na simu za aina hiyo wameongezeka. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa kuwapa vifaa vya kazi wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini, na simu ilikuwa miongoni mwa vifaa hivyo. Ongeza hapo wanafunzi wa vyuo vikuu wanaotumwa nyanjani, makarani wa miradi na watafiti wa kila aina. Pengine kesho wewe mwenyewe au mwanao ndiye atakayeshika simu ile. Na hata ikiwa hutaishika, nyumba yako itakuwa nukta katika ramani ya mtu fulani. Ni vyema ujue nukta hiyo inafanya kazi gani, na inaweza kukuletea nini.

Wastani huficha

Kwa nini afya ihitaji ramani? Kwa sababu hesabu ya wastani huficha mengi. Mwaka wa 2000 kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya cha APHRC, chenye makao yake jijini Nairobi, kilifanya uchunguzi katika mitaa ya mabanda ya jiji hili. Kiligundua kwamba kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa katika mitaa hiyo, takriban 151 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Takwimu za kitaifa za 1998 zilikuwa zimeonyesha kwamba kwa Nairobi nzima idadi hiyo ilikuwa kama 62, na mashambani kama 113.

Hebu tazama tarakimu hizo tena. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba mtoto wa mjini ana nafuu kuliko mtoto wa kijijini, kwa kuwa yuko karibu na hospitali. Hesabu ya Nairobi nzima iliunga mkono imani hiyo. Kumbe watoto wa mitaa ya matajiri walikuwa wakiwafunika wale wa mabandani. Ilibidi watu watoke ofisini, wabishe hodi nyumba kwa nyumba na kuandika ni nani anaishi wapi, ndipo ukweli ukaonekana. Kule Kilifi nako, tangu 2000, watafiti wa KEMRI na wenzao wa Wellcome Trust wamekuwa wakiandika kuzaliwa, kufariki na kuhama kwa watu zaidi ya robo milioni. Mtoto akilazwa hospitalini, rekodi yake huunganishwa na boma alikotoka.

Kazi ya namna hiyo haikuanzishwa na simu. Wanafunzi wa afya ya umma husimuliwa habari za daktari Mwingereza, John Snow. Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kilizuka katika mtaa wa Soho, London, na kuua zaidi ya watu 600 katika muda wa majuma machache. Wakubwa wa wakati huo waliamini kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa chafu. Snow alishuku maji. Alikwenda nyumba zilizofiwa akauliza: mlikuwa mkiteka wapi? Wengi walitaja pampu ya Broad Street, na tarehe 8 Septemba mkono wa pampu hiyo ukang'olewa.

Ramani yake maarufu yenye vijistari vya vifo aliichora baadaye. Kilichotangulia ni miguu na mdomo, jambo ambalo watu wengi husahau wanapoisifu ramani yenyewe. Hata hivyo, linalonivutia zaidi ni zile nukta zilizokataa kukaa sawa. Karibu kabisa na pampu kulikuwa na kiwanda cha pombe chenye wafanyakazi kama 70, na hapakufa hata mmoja. Mbali kabisa, huko Hampstead, mama mjane alifariki kwa kipindupindu ilhali hakuna mwingine aliyeugua karibu naye. Mtu angeangalia ramani pekee angesema Snow amekosea. Snow aliuliza. Wafanyakazi wa kiwandani walikuwa wakinywa pombe yao, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Yule mama naye aliwahi kuishi Broad Street, akapenda ladha ya maji ya pale, na kila siku alikuwa akiletewa chupa kwa mkokoteni.

Kwa hivyo, nukta humwonyesha mtafiti mahali pa kuuliza. Jibu hulipata kwa mtu.

Simu inajuaje mahali ilipo?

Sasa turudi kwa kijana wetu aliyesimama uani. Watu wengi hudhani kwamba simu hujua mahali ilipo kwa kuwa imeunganishwa na intaneti. Si kweli. Kuna mambo mawili hapa ambayo huchanganywa, na ukiyatenganisha utaelewa kila kitu.

Jambo la kwanza ni kujua mahali. Kazi hiyo hufanywa na mfumo wa setilaiti ambao wengi tunaujua kwa herufi zake, GPS. Setilaiti hizo, zisizopungua 24, huzunguka dunia zikiwa kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kila moja hutangaza mfululizo mambo mawili: saa kamili, na mahali ilipo. Simu yako husikiliza tu, kama vile redio inavyosikiliza mtangazaji. Redio haimpigii mtangazaji simu, wala mtangazaji hajui ni nani anayemsikiliza jikoni. Simu hupima matangazo yamechukua muda gani kufika, ikapata umbali wa kila setilaiti, na ikisikia nne au zaidi hukokotoa mahali iliposimama. Mawimbi hayo hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, hivi kwamba kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde linatosha kukuhamisha mita 300. Setilaiti hizo ni mali ya Marekani, na hadi Mei 2000 wenyewe walikuwa wakivuruga kwa makusudi matangazo ya raia, hata kosa likaweza kufika mita 100. Mtafiti wa miaka ya tisini angeweza kuiandika nyumba yako ng'ambo ya mto. Siku hizi simu nyingi husikiliza pia setilaiti za Urusi, Ulaya na Uchina.

Jambo la pili ni picha ya ramani yenyewe: barabara, mito, majina ya mitaa. Ramani ya kawaida ya simu huivuta picha hiyo kutoka intaneti kadiri unavyosonga. Ndiyo maana mtandao unapopotea unabaki na kitone cha buluu juu ya ukurasa mtupu. Kitone ki sahihi, ila kimekosa karatasi. Dawa yake ni kuipakua karatasi mapema, ukiwa bado na mtandao, na kuihifadhi ndani ya simu.

Kama ni hivyo, mbona kijana akangoja? Kwa sababu simu yenye intaneti hupata ratiba ya setilaiti papo hapo, lakini isiyo na intaneti lazima iisikie kutoka kwa setilaiti zenyewe, na hutangazwa polepole. Nusu dakika ni kawaida. Kama simu ilizimwa kwa siku kadhaa au imesafirishwa mbali, dakika kadhaa zaweza kupita. Alitoka chini ya paa kwa kuwa mabati na saruji huzuia mawimbi au huyarusha huku na huku kama mpira ukutani.

Hapo ndipo kuna mtego ambao mafunzo mengi huupita haraka mno. Penye uwanja wa wazi, simu nzuri hukosea kwa mita tano hivi. Katika kichochoro chenye kuta za mabati pande zote mbili, kosa huongezeka mara kadhaa. Na chumba cha kupanga katika mitaa yetu ya mabanda ni futi kumi kwa kumi, yaani mita tatu. Kwa hivyo hata kosa dogo la mita tano linakutoa nyumbani kwa Mama Fulani na kukuingiza kwa jirani yake. Ikiwa Mama Fulani ana kifua kikuu na muuguzi atakayeleta dawa wiki ijayo anafuata nukta tu, atabisha hodi kwa mtu mwingine na kutangaza habari zisizomhusu. Katika majumba ya ghorofa kama yale ya Pipeline mambo ni magumu zaidi, maana nukta moja hubeba vyumba vingi vilivyopangwa kimoja juu ya kingine.

Ndiyo sababu mtafiti mwenye busara huandika pia kwa maneno: namba ya ploti, orofa, mlango wa tatu kushoto, mkabala wa kinyozi. Simu ikimwonyesha kwamba kosa ni mita 30, hangoji tu, husogea hadi palipo wazi kisha akaisogeza nukta kwa kidole juu ya ramani hadi kwenye paa lenyewe.

Karatasi ilitoka wapi?

Kwa muda mrefu watu wa mitaa ya mabanda hawakuwa na karatasi ya kuwekewa nukta. Chukua Kibera. Jina hilo limetokana na neno la Wanubi lenye maana ya msitu, na katika ramani za serikali mahali hapo palikuwa pakiendelea kuandikwa kama msitu ilhali maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa wakipika, wakizaa na kuzikana. Mwishoni mwa 2009 vijana 13 wa vijiji vya Kibera walipewa vifaa vya GPS na mafunzo, wakatembea kila njia wakiandika zahanati, maduka ya dawa, vyoo, vioski vya maji, shule, makanisa na misikiti. Mradi huo uliitwa Map Kibera. Walichokusanya kiliwekwa katika OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka wa 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri na kuitumia bila malipo.

Programu za simu za OsmAnd na Organic Maps zinatumia ramani hiyo. Unapakua Kenya nzima mara moja, nayo hula megabaiti mia kadhaa za nafasi, kisha unaweza kuzima data kabisa. Zitakuonyesha ulipo, zitakutafutia njia ya miguu, na zitakuwekea alama mahali unapotaka.

Kuna aina ya pili ya programu, ile ya hojaji. Mtafiti huandaa maswali kwenye kompyuta, akayaingiza katika simu za makarani, na karani hujaza jibu baada ya jibu. Swali la mahali huwa mojawapo tu ya maswali mengine. Majibu hukaa ndani ya simu hadi jioni penye mtandao, ndipo hutumwa. Iliyotangulia kupata umaarufu ni ODK, iliyoanza 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Miongoni mwa waliowahi kuitumia mapema ni mpango wa AMPATH wa Eldoret, ambao wafanyakazi wake walikwenda nyumba hadi nyumba magharibi mwa Kenya kuwapima watu virusi vya Ukimwi na kuwapa ushauri. KoboToolbox ni ndugu yake, na wanafunzi wengi wa hapa huipenda kwa kuwa ni rahisi kujifunza. Mwenye kutaka kuchora mipaka na mitaro, si nukta pekee, hutumia QField, inayosoma ramani zilizoandaliwa katika programu ya kompyuta ya QGIS. Zote hizi hupatikana bila kununuliwa kwa mtu anayeanza. Gharama iko kwenye simu, chaji na muda wa kujifunza.

Usidharau huo muda. Mimi mwenyewe niliwahi kufuatana na kikundi kilichokuwa kikiuliza habari za kuhara kwa watoto. Tulifanya kazi tangu asubuhi, jua likituchoma, tukarudi tumeridhika. Jioni ramani ilipofunguliwa, nyumba 23 za karani mmoja zilikuwa zimerundikana juu ya paa la ofisi tuliyotoka. Alikuwa ameiweka simu katika hali ya kuhifadhi betri, ikaacha kusikiliza setilaiti na kurudia mahali pa mwisho ilipopakumbuka. Tulicheka, lakini kesho yake alirudi peke yake kupiga hodi 23. Tangu hapo sijaona kikundi kikiondoka salama bila kujaribu simu zote pamoja usiku uliotangulia: data imezimwa, ramani imefunguka, nukta imewekwa mahali pamoja penye mti au bomba ili kulinganisha, betri ya akiba imejazwa. Pia wachukue ramani ya karatasi. Karatasi haiishiwi na chaji, na nitaeleza kazi yake nyingine.

Umbali wa mchana na umbali wa usiku

Tuseme umepewa kazi ya kuchunguza vyoo. Umetembea mtaa mzima, umeweka nukta kwenye kila choo, na simu inakwambia kwamba hakuna nyumba iliyo zaidi ya mita 80 kutoka choo. Unaweza kuandika ripoti nzuri na kupeleka kwa wakubwa: mtaa huu una vyoo vya kutosha.

Sasa kaa na akina mama. Tandaza ile karatasi mezani au hata chini, uwape kalamu, uulize: usiku mtoto akishikwa na tumbo, mnakwenda wapi? Utaona kalamu ikianza kukata vyoo kimoja kimoja. Hiki hufungwa saa tatu na mwenyewe akaenda na ufunguo. Hiki ni cha kulipia, na usiku shilingi kumi hazipo. Hiki kiko wazi, lakini njia yake hupita nyuma ya chang'aa, na msichana wa huku alivamiwa pale. Kile kingine mlango wake hauna kitasa. Amnesty International, katika ripoti yake ya Julai 2010 kuhusu wanawake wa mitaa ya mabanda ya Nairobi, ilieleza jinsi hofu ya kushambuliwa inavyowazuia wanawake kwenda chooni baada ya giza kuingia. Ndipo utaelewa mfuko wa plastiki unaorushwa juu ya paa alfajiri, ambao watu wa mbali huudhania kuwa uchafu wa tabia. Katika ramani ya saa sita mchana vyoo ni 30. Katika ramani ya saa sita usiku ni vinne, na mtoto anayehara anazungukwa na maji yaliyochafuka.

Simu haikudanganya, msomaji. Iliulizwa mita, ikajibu mita. Vivyo hivyo kuhusu zahanati: mstari mnyoofu waweza kuwa mita 400, lakini katikati pana mto wa Mathare uliofurika au reli isiyo na kivuko, na mama mwenye uchungu wa uzazi hapiti kwa mstari mnyoofu. Hapo pia programu inasaidia ukijua kuitumia: washa kinasa njia, utembee naye mama huyo njia anayopita kweli, na uandike dakika badala ya mita. Utafiti wa jamii unaofaa hutumia simu kwa namna hii, mtu akiongoza na simu ikifuata.

Nukta inayoweza kuumiza

Nimesema mazuri ya kutosha. Sasa sikiliza upande wa pili.

Tarakimu za latitudo na longitudo ni namba tu machoni, lakini ni anwani kamili kuliko ile ya posta. Digrii moja ni kama kilomita 111, na hapa kwetu karibu na ikweta ni hivyo kwa pande zote mbili. Tarakimu mbili baada ya nukta ya desimali hukufikisha ndani ya kilomita moja hivi, mtaa mzima. Tarakimu tano hukufikisha ndani ya mita moja, kitandani pa mtu. Karani akiandika tarakimu tano na pembeni yake neno "anatumia ARV", amemvua mtu nguo hadharani, hata kama hakuandika jina. Simu hiyo ikiibwa ndani ya matatu bila kufungwa kwa namba ya siri, mambo yamekwisha.

Kwa hivyo majina huwekwa mbali na nukta, katika faili tofauti. Hojaji hufungwa kwa ufunguo wa siri ili hata aliyeshika simu asiweze kusoma yaliyokwisha kujazwa. ODK na KoboToolbox zote zina njia hiyo. Ramani inayotolewa hadharani huonyesha idadi kwa kijiji au kwa mtaa, kamwe si nyumba. Na yapo mambo ambayo hayaingii kabisa katika ramani ya umma kama OpenStreetMap: ugonjwa wa mtu, nyumba ya mama aliyemkimbia mume mkatili, mahali wanapolala watoto wa mitaani. Choo na kioski cha maji ni mali ya macho ya wote. Kikohozi cha mtu ni chake.

Wala hofu ya watu si ujinga. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, ambapo watu walifukuzwa makwao kwa sababu ya kabila, mtu akiona jina lake likiandikwa pamoja na mahali anapolala ana haki ya kushtuka. Na Julai 2018 matingatinga yalibomoa nyumba na shule Kibera kupisha barabara. Tangu hapo, mtu akipita na simu akipima vichochoro, swali la kwanza ni: mnabomoa lini?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa nguvu zaidi ya unavyodhani. Habari za afya yako zimo katika kundi la data nyeti. Una haki ya kuelezwa zinakusanywa kwa ajili gani, kuziona, na kutaka zirekebishwe. Mtafiti naye hatakiwi kuingia nyanjani bila kibali cha NACOSTI, na utafiti wa afya huhitaji pia idhini ya kamati ya maadili.

Basi kijana akipiga hodi, mazungumzo yaweza kwenda hivi. "Hodi hapa, mama." "Karibu mwanangu. Umetoka wapi, na nani amekutuma?" Mwombe kitambulisho na barua ya kibali, na uulize kama mzee wa mtaa au mhudumu wa afya wa hapo anamfahamu. Kisha uulize: hiyo nukta ya nyumba yangu ataiona nani, na itafutwa lini? Aliyefunzwa vizuri atajibu bila kukasirika. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: waweza kukubali maswali na kuikataa nukta. Mwambie aiweke pale kwenye lango la ploti au dukani kwenye kona. Hojaji nyingi huruhusu. Akikwambia lazima iwe mlangoni, akueleze ni kwa nini, na jibu lisipokuridhisha, mshukuru umwage chai iliyobaki na ufunge mlango. Hutanyimwa huduma kliniki kwa sababu hiyo, na yeyote akutishaye hivyo anastahili kushtakiwa kwa waliompa kibali.

Nawe kijana mwenye simu, sema haya kabla ya kuulizwa. Mwonyeshe mama skrini. Mwache aione nyumba yake kutoka juu, na hapo mara nyingi yeye ndiye atakayekurekebisha: hilo bomba lilikatwa Januari, ile zahanati ilihamia ng'ambo, na hapo ulipoandika "njia" ni mtaro.

Kuna deni moja ambalo watafiti wengi hulikimbia. Wanakusanya nukta, wanahitimu, wanaondoka, na mtaa hauoni hata karatasi moja. Kuchapisha ramani ya vyoo na vioski vya maji, bila habari za mtu yeyote, na kuibandika katika zahanati na kwa chifu hakugharimu pesa nyingi. Kipindupindu kikirudi, muuguzi wa zamu atakuwa na mahali pa kuweka kidole, na mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kukikata kioski kilichofungwa na kuongeza kipya.

Ukitaka kujaribu, huhitaji mradi wala fomu. Leo usiku ukiwa na mtandao pakua ramani ya Kenya katika simu yako. Kesho zima data, toka nyumbani, utembee hadi zahanati iliyo karibu nawe kwa njia ambayo ungepita ukimbebea mtoto mwenye homa. Angalia kama ramani inaijua zahanati hiyo na njia hiyo. Kama haijui, iwekee alama, uandike na saa wanayofunga.